Robo Zenye Nukta Nyekundu

Soksi yenyewe ilikuwa ya kiume, ya sufu ya kijivu, kisigino kimetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine. Mpelelezi Delphine Rucker aliimimina juu ya kijimeza cha hospitali, na sarafu zikamwagika zikilia kama njugu kwenye sinia. Zote zilikuwa robo dola. Hamkuwa na senti moja humo, wala senti tano, wala senti kumi. Na kila robo, upande wa tai, ilikuwa na nukta nyekundu iliyotulia vizuri juu ya kifua cha ndege.

"Kama damu," alisema Sajini Hruska, ambaye alikuwa ameegemea dirisha na kikombe chake cha kahawa.

"Damu ikikauka haing'ari, Walt." Delphine alikwaruza moja kwa ukucha. "Hii ni rangi ya kucha."

Mwenye soksi alikuwa kitandani, mikono juu ya blanketi, akiwatazama kama mtu aliyepata wageni wasiobisha hodi lakini hana moyo wa kuwafukuza. Alikuwa bibi mweusi, mwembamba, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari miwili. Jumanne askari wa doria walimkuta ameketi kwenye kituo cha basi, theluji imemjaa mabegani, amevaa gauni la nyumbani na ndara. Leo Ijumaa, na bado hakuna mtu katika mji mzima wa Akron aliyejua ni nani. Ukimwuliza jina lake, alijibu kwa adabu, "Ndiyo, mwanangu," akatabasamu.

"Mie nilishasema," Hruska aliendelea. "Sarafu za mtego hizo. Mtu akiibiwa kwenye mashine yake ya soda, anapaka sarafu alama, anasubiri zitokee mkononi mwa nani. Zimetokea."

"Kwa hiyo bibi huyu anavunja mashine za soda. Kwa ndara."

"Sijasema anavunja yeye. Labda ana mjukuu."

"Angekuwa na mjukuu," alidakia ofisa ustawi wa hospitali, Bi Lindqvist, aliyekuwa ameingia na faili kifuani, "tungekuwa tumeshapata simu. Hakuna aliyepiga. Hakuna aliyeripoti. Mpelelezi, nayaona haya kila majira ya baridi. Watu wanachoka na wazee wao, wanawaweka kituoni kama paka, wanaondoka." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyechoka. "Jumatatu hakimu atamteulia mlezi wa mahakama. Jumanne atapelekwa makao ya serikali, kusini kabisa mwa jimbo. Akishafika huko, atabaki huko."

"Na nikimpata jamaa yake kabla ya Jumatatu?"

"Jamaa akitokea, akamtaja kwa jina, hakuna kesi. Lakini lazima atokee."

Delphine alisogea mwisho wa kitanda, akaomba ruhusa kwa bibi kama anavyoomba mtu mwenye heshima, halafu akafunua blanketi kidogo miguuni. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na uzi mweupe, na kwenye uzi sarafu moja ndogo iliyotobolewa: senti kumi ya zamani, ile yenye kichwa kilichovaa kofia ya mabawa. Mwaka wake ulisomeka vizuri, 1919.

Mwaka huo ndio uliowapotezea Jumatano na Alhamisi yote. Hruska alikuwa ameamua kwamba ni mwaka wa kuzaliwa, Delphine naye hakubisha, na wote wawili wakahangaika makanisani na ofisi za pensheni wakitafuta wanawake waliozaliwa mwaka ule. Waliwapata wengi. Wote walikuwa nyumbani kwao, au kaburini kwao.

Alifunika miguu, akatoka ukumbini kwenye simu ya ukutani, akatumbukiza robo yake mwenyewe na kumpigia mama yake.

"Mama, ile senti kumi mnayovaa mguuni kama kinga. Watu wa kwenu Alabama walikuwa wanachagua mwaka aliozaliwa mtoto?"

Kicheko kilichotoka kwenye simu kilikuwa kirefu, hata muuguzi aliyepita aligeuka.

"Delphine, nimekulea Ohio mpaka umekuwa mgeni! Mwaka wa nini? Mimi nilivalishwa yenye mwaka aliozaliwa nyanya yangu. Kinachotakiwa ni madini ya fedha, mwanangu. Fedha tupu. Hizi za leo, walizoanza kutia shaba katikati ile miaka ya sitini, hazimkingi mtu hata na mafua. Itazame ubavuni, utaona mstari mwekundu. Ile ya zamani ni nyeupe mpaka ndani."

"Kwa hiyo mwaka haunisaidii."

"Haukusaidii hata chembe. Na polisi wanakulipa kwa kazi hii?"

"Kwa shida."

"Ndiyo maana ni ndogo vile, unajua. Mtoto mdogo akiuliza kwa nini senti kumi imezidiwa ukubwa na senti tano, tulikuwa tunamwambia: ile nyingine ni chuma cha kawaida, lazima ijitanue. Fedha haina haja ya kujitanua." Kisha mama akauliza, "Imekuwa nyeusi?"

"Nini?"

"Sarafu, Delphine! Fedha ya mguuni huwa nyeusi. Jasho, sabuni, mwaka mzima. Watu wa kale walisema ikiwa nyeusi kuna mtu anakutakia mabaya. Mimi nasema ikiwa nyeusi, hakuna aliyeisugua."

Delphine alirudisha simu mahali pake akarudi chumbani karibu mbio. Alipiga magoti kando ya kitanda. Sarafu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha sikukuu. Uzi ulikuwa mpya, bado haujashika rangi ya ngozi, na fundo lilikuwa nyuma ya kifundo, upande wa nje, limefungwa mara mbili na ncha zake kukatwa sawasawa kwa mkasi. Akamwomba bibi mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi kama mizizi ya tangawizi. Vidole vile visingeweza kufunga fundo lile, na magoti yale yasingeweza kuufikia mguu ule.

"Bi Lindqvist," aliita bila kuinuka. "Sikiliza. Kuna mtu alipiga magoti mbele ya mama huyu wiki hii au iliyopita. Akasugua fedha hii, akabadilisha uzi, akakata ncha. Mtu wa namna hiyo hamtupi mwenzake kituoni."

"Basi yuko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Alianzia kwenye rangi. Kila mtu aliyekulia karibu na baa anajua kwamba wenye baa hupaka robo zao rangi. Wateja wakinuna, mwenye baa huchota robo zake zenye alama na kulisha sanduku la muziki, ile mashine ya kukodi inayopiga santuri kwa sarafu. Siku mwenye sanduku akija kugawana mapato, zile za rangi hutolewa kwanza, zinarudi kwa mwenyewe. Delphine alijaza mkono wake na robo za bibi, akaenda baa ya Dot, ambako Dot mwenyewe, mwanamke mkubwa mwenye miwani ya kamba, alizimwaga kaunta na kuzisukuma huku na huku kwa kidole.

"Si zangu."

"Una uhakika?"

"Mpenzi, mimi napaka upande wa pili, Washington usoni, tena kwa rangi ya mlango, kwa haraka, namharibu sura yote. Huyu amepaka tai. Tazama, nukta moja, katikati, haikuvuja. Mtu huyu ana subira. Wenye baa hatuna subira."

"Baa nyingine?"

"Kuna tatu zinazopaka. Billy anatumia kijani. Wale wawili wamefunga tangu kiwanda cha matairi kilipopunguza watu." Dot alimrudishia sarafu zake moja moja. "Ni za nani?"

"Za bibi mmoja aliyesahau jina lake."

Dot alivua miwani. "Basi mpelekee na hii," akasema, akamfungashia kipande cha pai ya tufaha kwenye karatasi.

Bibi alikula pai yote, na makombo akayaokota kwa ncha ya kidole. Alipomaliza, Delphine alipanga juu ya kijimeza sarafu za kila aina alizozipata mfukoni na kwa wauguzi: senti moja za shaba, senti tano, senti kumi, robo, hata nusu dola moja ambayo muuguzi wa zamu alikuwa akiibeba ili imletee bahati. Hakuuliza kitu. Kuuliza kulikuwa hakujazaa matunda tangu Jumanne. Alikaa tu, akatazama mikono.

Mikono ilikwenda yenyewe. Ilizisogeza senti moja pembeni kama mtu anayechambua mawe kwenye maharage. Nusu dola iligeuzwa, ikapendwa, ikawekwa mbali. Senti tano na senti kumi zilisukumwa upande mmoja. Halafu bibi alichukua robo tatu akazilaza chali, moja kando ya nyingine, zimegusana, tai juu. Akaweka kiganja nyuma yao. Akasukuma mbele kwa nguvu, mpaka mkono ukanyooka, akavuta nyuma. Robo zilianguka sakafuni. Yeye hakuzitazama. Aliinamisha kichwa, sikio mbele, akasubiri.

"Anafanya nini?" alinong'ona Hruska mlangoni.

"Anasikiliza maji," Delphine alisema polepole. "Walt, hazitumbukizi. Angekuwa anapiga simu, angetumbukiza. Sanduku la muziki, soda, mita ya kuegesha gari, vyote unatumbukiza. Huyu anazilaza na kusukuma kijisinia."

Hruska aliweka kahawa chini. "Mashine ya kufulia," alisema. "Zile za zamani. Unapanga robo kwenye vitundu vitatu, unasukuma, inakula, unavuta. Mke wangu aliponifukuza nilifulia kwenye hizo mwaka mzima. Nilikuwa najikata kidole kila Jumamosi."

"Wapi?"

"Zimekwisha karibu zote. Lakini yule Mlebanoni wa barabara ya Copley ni bahili, hajabadilisha kitu tangu nioe." Alifikiri. "Tangu kabla sijaoa."

Duka la kufulia la Bwana Nassif, yule Mlebanoni, lilinukia sabuni na pamba yenye joto. Mashine zilikuwa zimejipanga ukutani, nyeupe, zimechubuka kwenye kona, kila moja na kijisinia chake cha chuma chenye vitundu vitatu. Bwana Nassif alikuwa mzee mfupi mwenye sweta iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Delphine alipomwekea robo moja mkononi, tai juu, hakuuliza imetoka wapi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki.

"Amefariki?"

"Hapana, baba. Yu mzima. Kwani ni nani?"

"Alhamdulillah." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ni Bi Icie. Icie Mae Threadgill. Anakaa na mdogo wake, Bi Ozella, nyumba ya njano nyuma ya duka la matairi. Wamekuwa wateja wangu tangu nikiwa na nywele."

Delphine hakuandika kitu. Alilirudia jina lile moyoni, lisije likamponyoka. "Hizi robo ni zako?"

"Zangu. Rangi ni ya mke wangu." Aliona haya kidogo. "Nilikuwa nazipaka za kujaribia mashine, nisije nikazihesabu kama mapato nikifungua masanduku. Halafu, kama mwaka juzi, Bi Icie akaanza kuja peke yake, kila siku. Analeta taulo. Zilezile nne, safi, zimekunjwa. Anazifua, anazikausha, anazikunja, anakwenda. Kesho anarudi nazo. Fedha yenyewe ya pensheni. Mimi nimwambieje? 'Mama, taulo ni safi'? Nilimwambia siku moja. Alinitazama kama nimemtukana mbele ya watu."

"Ukampa zako."

"Nikampa zangu. Namwambia, 'Bi Icie, leo ni siku ya wateja wa zamani.' Kila siku ni siku ya wateja wa zamani. Anaziweka kwenye soksi ya marehemu mumewe. Jioni nafungua masanduku, nyekundu alizotumia zimerudi, zilizozidi amebaki nazo soksini, kesho nampa tena." Alishika ile robo moja kwa vidole viwili. "Bi Ozella alipojua, alikuja na mfuko wa kunilipa. Tuligombana hapa mpaka watu wakacheka."

Hruska alikuwa amegeukia mashine moja akawa anakichunguza kijisinia chake kwa makini sana, kama hakijapata kuonekana duniani.

"Baba," Delphine alisema, "Bi Icie yuko hospitali tangu Jumanne, na hakuna aliyemwulizia. Mdogo wake yuko wapi?"

Bwana Nassif alimkazia macho. "Si wako pamoja? Jumanne asubuhi gari la wagonjwa lilikuja. Bi Ozella alianguka kwenye barafu, ngazi za mbele. Niliona taa tu kutoka hapa. Nilikuwa na mteja. Nilidhani..." Akasimama. "Nilidhani wamempeleka dada yake pamoja naye. Mtu gani anaacha mtu wa namna ile peke yake?"

Delphine aliomba simu. Hospitali ya pili aliyoipigia, upande wa pili wa mji, muuguzi wa ghorofa ya mifupa alipumua kwa nguvu aliposikia jina.

"Bi Ozella! Ninyi ni jamaa zake? Mtusaidie. Nyonga imevunjika na anakataa kupasuliwa. Anasema hatalazwa usingizi mpaka mtu amletee dada yake. Tulituma mtu Jumanne ile ile. Nyumba ilikuwa tupu, mlango wa nyuma uko wazi. Daktari akasema ni dawa za maumivu, anaona watu wasiokuwapo."

"Yupo," alisema Delphine. "Mwambieni yupo. La, msimwambie kitu. Nakuja."

Bi Lindqvist alimsikiliza mpaka mwisho, faili bado kifuani. Kumtoa mgonjwa asiye na jina, kumvusha mji kwenye theluji, kwa sababu ya nukta za rangi.

"Una uhakika ni yeye?"

"Dada wa Bi Ozella anaitwa Icie Mae. Kama mama huyu ndiye, tutajua wakionana. Kama siye, tutakuwa tumempa matembezi."

"Na kama mdogo wake atamjua, lakini yeye hatamjua mdogo wake?"

Delphine alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. "Mmoja akijua inatosha kwa hakimu," alisema.

"Sikuuliza habari za hakimu," alijibu Bi Lindqvist. Akaenda mwenyewe kabatini akatoa koti lake la manyoya, akamvika bibi, akamfunga vifungo vyote.

Bi Ozella alikuwa amelala akiutazama ukuta, mguu wake umewekewa mifuko ya mchanga usitikisike. Alikuwa mnene kuliko dada yake, na hata kisogo chake kilionyesha hasira.

"Nimesema sipasuliwi," aliuambia ukuta. "Mniue kwanza."

"Sikuja kukupasua, mama," alisema Delphine. "Nimekuja na mtu."

Kichwa kiligeuka. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alianza kugomba.

"Icie Mae Threadgill! Ulikwenda wapi? Nilikwambia ukae jikoni! Nilikwambia nakwenda kumwaga chumvi kwenye ngazi na kurudi, sikukwambia? Bila koti! Na hilo koti la nani? Siku tatu nawaambia watu hawa nina dada, wananipapasa mkono kama mwehu. 'Ndiyo, mpenzi. Ndiyo, mpenzi.' Mpenzi! Umekula? Mbona huniambii kitu? Icie?"

Bibi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amezama ndani ya koti la Bi Lindqvist. Alimtazama mwanamke wa kitandani kwa adabu ile ile aliyowatazamia wote tangu Jumanne.

"Ndiyo, mwanangu," alisema.

Hasira ilimtoka Bi Ozella yote usoni mara moja, na chini yake palikuwa na sura ya mtoto. "Hanijui," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua siku hii itakuja. Nilidhani nitakuwa nimesimama ikija."

Hruska, aliyekuwa ameshika vishikio vya kiti, akakisogeza karibu na kitanda.

Kisha bibi akainuka. Aliinuka taratibu, akashika ukingo wa kitanda, akauzunguka kwa hatua fupi fupi mpaka upande wa ukuta, kama mtu anayepita gizani kwenye nyumba aliyoizoea. Alivua ndara, moja, halafu ya pili. Akafunua ncha ya blanketi.

"Sogea, Ozella," alisema. "Kila siku unachukua kitanda kizima."

"Hairuhusiwi!" Muuguzi alikuwa amefika mlangoni. "Ile nyonga haifai kutikiswa hata..."

Bi Ozella alikuwa ameshauma meno, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, anasogea. Alisogea kiasi cha kiganja, jasho likamtoka, akasogea tena. Dada yake akalala ubavu palipopatikana, na koti lake, na kila kitu.

Delphine alivuta pazia. Akasimama mbele ya pazia, mgongo kwa kitanda, akimkabili muuguzi. Muuguzi akauliza, kwa sauti ya chini, "Anaitwa nani huyo mwingine?"

"Icie Mae," alisema Delphine. "Icie Mae Threadgill."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta mto wa pili.